Gunzi la Mtapo wa Mwalimu

Ukitaka kumuudhi kaka yangu, usimtukane. Matusi yanampita. Mwambie tu kwamba mtende ulioko mbele ya nyumba yako umerefuka kupita kiasi, na kwamba unataka ukatwe kichwa ili uchipue upya kwa pembeni. Hapo utamwona anavua kofia, anaikunja, anaitia mfukoni, kisha anaanza kukueleza polepole, kama anayezungumza na mfiwa, kwamba mtende una moyo mmoja tu. Moyo wenyewe uko juu kabisa, katikati ya majani, na ukiukata huo umekata mti mzima. Hautachipua pembeni wala popote. Utasimama miezi mitatu minne ukijidai mzima, halafu utakuwa nguzo.

Mimi sina subira hiyo. Ni mkunga, nimezalisha kwa miaka ishirini na tisa, na nimezoea kumwambia mtu jambo mara moja. Yeye anaweza kulirudia mara saba kwa sauti ile ile. Mara ya saba mwenye nyumba anaitikia "sawa, sawa" huku macho yapo kwenye simu, na wiki inayofuata mtende hauna kichwa. Kwa hiyo hasira zote utakazozikuta humu ni zangu. Zake anaziweka wapi, sijui.

Nyumbani tulimwita Kuti tangu utotoni, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na upepo ukivuma ulihisi utamchukua. Jina likamganda. Wenye bustani wanadhani ni jina la kazi. Sasa ana miaka hamsini na nane, na tangu mkewe afariki anaishi kwangu, kwenye vyumba viwili vya uani. Ana baiskeli yenye ngazi iliyofungwa ubavuni, na kila siku ya wiki ana nyumba zake za kuhudumia.

Ujanani aliajiriwa kwenye kitalu cha miche cha halmashauri, chini ya msimamizi mmoja mkali ambaye alikuwa hacheki ila mche unapoota. Kitalu kile siku hizi ni maegesho ya magari. Kaka alitoka pale na mkasi mmoja wa kukatia majani, ambao anao mpaka leo, na kanuni ya mikono.

Kanuni ya mikono ni hivi. Anamsimamisha mwenye nyumba mbele ya mtende, anamwambia anyooshe mikono yote miwili pembeni, kama anayepimwa nguo kwa fundi cherehani. "Jani lililo juu ya mikono yako usiliguse," anasema. "Lililoshuka chini ya mikono na limekauka, hilo nitalikata mimi. Lililoshuka na bado ni kijani, liache, bado linamlisha mwenzake." Nimeshuhudia wakili amesimama hivyo na tai yake, na mama mmoja mkurugenzi akiwa na gauni la kulalia, mikono imenyooka, majirani wanachungulia. Wanacheka, lakini wanakumbuka.

Msumari hapigi. Mti wa kawaida ukiujeruhi hufunga kidonda chake. Mtende haufungi. Tundu ulilotoboa leo utalikuta pale pale miaka thelathini ijayo, limekuwa mlango wa wadudu. Na bado watu wanapigilia humo taa za sherehe, vibao vya namba za nyumba, kamba za kuanikia nguo, halafu mti ukiugua wanamwita Kuti na kumuuliza ameupa mbolea gani mbaya.

Lakini mapenzi yake hasa hayako kwenye mitende. Yako kwenye mitapo. Mtapo ukiuona mara ya kwanza utadhani ni mnazi mfupi uliogoma kukua: shina nene la magamba, na juu yake majani magumu yenye miiba inayochana mikono mpaka kwenye kiwiko. Wauza miche wa barabarani wanauita saikasi, wanaapa kwamba ni aina ya mtende. Si mtende, na hauna hata udugu wa mbali nao. Hautoi ua. Mtapo dume hutoa magunzi membamba, kama ya mahindi, yenye unga, yaani chavua, na mtapo jike hutoa gunzi nene, zito kama mtoto wa miezi sita. Dume na jike ni miti miwili tofauti, na ukiwa na mche mkononi hujui umeshika yupi. Utajua ukikomaa, na kukomaa ni miaka kumi na tano, ishirini.

Kila Jumanne, kwa miaka ishirini na miwili, kaka alikuwa kwa Mwalimu. Mwalimu ni mjane wa miaka themanini na moja, alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nyumba yake iko mwisho wa barabara isiyotokea upande wa pili. Mbele, getini, kulikuwa na mitende miwili. Uani, mbele ya dirisha la jikoni, kulikuwa na mtapo ambao marehemu mumewe aliupanda walipomaliza kuezeka. Ulikuwa na miaka hamsini na kitu. Ulikuwa jike. Kila baada ya miaka miwili mitatu ulitoa gunzi, gunzi likakomaa, likavunjika, na mbegu zote zilikuwa tupu, kama mayai ya kuku asiye na jogoo, kwa sababu mtaa mzima haukuwa na mtapo dume hata mmoja.

Siku moja, wakinywa chai kwenye ngazi za mlango wa nyuma, Mwalimu alimwambia, "Kuti, mwanangu, mimi sina miaka ya kusubiri tena. Nataka miche ya watoto wangu, itoke kwenye mti huu huu aliopanda baba yao. Nitafutie njia kabla sijafumba macho."

Watoto wake ni watatu. Wa kwanza ni wa kiume, mhandisi, yuko hapa hapa mjini, kila mtu anamwita Injinia hata mama yake akiwa na hasira. Wengine wawili ni mabinti walioolewa mbali. Kaka alirudi nyumbani jioni ile akiwa amebadilika. Alikaa mezani, akakataa kuongezwa chakula, akasema, "Dada, natafuta mchumba."

Nikasema alhamdulillahi, hatimaye. Kumbe wa mtapo.

Alimtafuta kwa miaka miwili. Alikuwa akipita barabarani na baiskeli yake huku amenyoosha shingo juu ya kuta za watu, na mara mbili alikaribia kupigwa akidhaniwa mwizi. Alimpata mahali asipotarajia mtu: nyuma ya gereji, katikati ya magari mabovu. Mtapo dume mkubwa, na fundi magari alikuwa anautundikia ovaroli zenye grisi. "Chukua unga wote unaoutaka," fundi alimwambia, "mimi unanipigisha chafya tu." Kaka alitandika magazeti chini, akatikisa magunzi, akarudi na chupa ya jamu yenye unga wa manjano uliofungwa kwenye bahasha, na punje za mchele pembeni zinyonye unyevu. Akaiweka kwenye friji langu, karibu na mayai.

"Kaka, hii nini humu?"

"Baba mtarajiwa," akasema. "Usimguse."

Gunzi la mtapo jike huwa limefungamana kama ngumi. Siku yake ikifika magamba huachana kidogo, upana wa ukucha, kwa siku chache tu, halafu hujifunga. Ukizikosa siku hizo, umekosa mpaka gunzi lingine, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri gunzi lingine. Kaka alikwenda kila alfajiri kutazama. Upenyo ulipotokea alikuja mbio mpaka kwenye zamu yangu wodini, akanisubiri koridoni kati ya kina baba wenye wasiwasi, akaniuliza kama nina kitu cha kupulizia unga kwenye nafasi nyembamba. Nikampa kile kimpira tunachotumia kuwanyonya makamasi watoto wakizaliwa. Kilikuwa kipya, kabla mtu hajanilaumu.

Nilikwenda kushuhudia. Mwalimu aliwekewa kiti uani, shuka begani, na kaka alipanda kigoda akapuliza chavua kila upenyo, asubuhi tatu mfululizo. Macho ya Mwalimu wakati ule yalikuwa na mtoto wa jicho, alikuwa anaona ukungu tu. Kwa hiyo baada ya hapo kila jioni alitoka akashika gunzi kwa viganja vyote viwili. Mimi nawajua watu wanaoshika tumbo namna ile. Mwezi wa tatu tangu kupuliziwa, mwezi wa tano, gunzi likanenepa.

Mwezi wa saba Injinia akampeleka mama yake kufanyiwa upasuaji wa macho, na baada ya hospitali akamkalisha kwake wiki mbili. Hilo alifanya vizuri, sina neno. Katika wiki hizo mbili akamleta mkandarasi wa bustani.

Nitasema kweli ingawa sipendi: hakuwa na nia mbaya. Alitaka mama yake akifunguliwa bandeji akute nyumba inang'aa. Sapraizi. Ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kaka yangu alikuwa na namba yake ya simu, na yeye alikuwa na ya kaka yangu. Mlinzi alikuwepo getini. Mama mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili. Watu watatu wanaoujua ule ua kwa vidole vyao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali la maneno matano: huu mti ni wa nini?

Jumanne kaka alifika na baiskeli yake. Mtende wa kushoto wa getini ulikuwa umenyolewa, umebaki na majani matatu yaliyosimama kama mkia wa jogoo. Wa kulia haukuwa na kichwa. Baadaye tuliambiwa ulikuwa unaziba kamera ya ulinzi. Kaka aliegemeza baiskeli ukutani, akapita ubavuni mwa nyumba hadi uani. Pale penye mtapo palikuwa pametandazwa matofali mapya ya sakafu, mekundu na kijivu, yamepangwa vizuri, yamefagiliwa.

Mlinzi alimfuata nyuma.

"Walisema una ugonjwa, mzee. Yule mkubwa wao alilionyesha lile gunzi kwa Injinia, akasema ni uvimbe. Umeoza ndani, utaambukiza bustani nzima."

"Wakaufanya nini?"

"Walikata majani yote, wakachimba mpaka chini. Shina wakalizungushia magunia waliyoyaloweka maji, wakalifunga kamba, wakalipakia kwenye lori. Taratibu kweli, watu wanne."

Soma hapo tena. Mti mgonjwa, umeoza, wa kutupwa, unavishwa magunia yenye maji na kubebwa na watu wanne taratibu. Mimi sijasomea miti, lakini najua mgonjwa anayepelekwa mochwari havishwi blanketi. Ule mtapo haukutupwa. Uko mlangoni mwa mtu leo hii, umechipua majani mapya, na wageni wanausifia. Na uvimbe! Nimefanya kazi miaka yote hii, nimekutana na wajinga wa kila kimo, lakini sijawahi kumwona mtu anayetazama mimba ya miezi saba akaiita uvimbe, halafu akalipwa.

Gunzi kaka alilikuta kwenye lundo la takataka nyuma ya tangi la maji, chini ya majani. Walikuwa wanataka shina tu. Alivua shati, akalifunga humo, akaja nalo nyumbani mbele ya baiskeli akiwa na fulana ya ndani, mtu mzima, barabara kuu. Akaliweka kwenye meza yangu ya jikoni. Lilikuwa na jeraha la msumeno chini, lakini magamba yalikuwa yamebana.

Nikahesabu miezi kwa vidole. "Huyu ni njiti," nikasema.

"Ni njiti," kaka akakubali. "Tutajaribu."

Alilizika ndani ya boksi la maranda makavu ya mbao, akalisukuma chini ya kitanda chake ambako hakuna jua wala panya. Mimi nilisema mengi, nilitembea jikoni mle nikayasema yote, na yeye alikaa akinitazama mpaka nikachoka.

Kesho yake Injinia akapiga simu. Kaka huweka simu yake sauti ya wazi kwa sababu sikio la kulia limeanza kuwa zito, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mzee, nasikia umetoa kitu pale nyumbani bila ruhusa."

"Nimetoa gunzi kwenye takataka, Injinia."

"Takataka za nyumba ni mali ya nyumba. Mkandarasi analiulizia. Anasema ni sehemu ya mti, na mti tulikubaliana anauchukua yeye."

"Si alisema una ugonjwa?"

"Ndiyo, una ugonjwa."

"Sasa anautakia nini?"

Injinia akasema, "Wewe si mtaalamu, mzee. Yule amesomea. Naomba usije tena Jumanne, tutakuwa na watu wengine."

Miaka ishirini na miwili ya Jumanne, ikafutwa na mtu ambaye hajui kwamba mtende una moyo mmoja. Nilimpokonya kaka simu. Niliyoyasema sitayaandika hapa, maana kuna wajukuu wanaosoma, ila Injinia alikata simu kabla sijafika katikati.

Mwalimu alirudi nyumbani Ijumaa. Habari zake tulizipata kwa mlinzi. Alishuka garini akiwa na macho mapya, anasoma kibao cha jirani kwa mbali, anacheka. Akapita ndani moja kwa moja mpaka dirisha la jikoni. Akauliza, "Mtapo uko wapi?" Injinia akaeleza habari za ugonjwa, na matofali, na jinsi sasa hatajikwaa tena akitoka. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi wanaotoa jibu lisilo sahihi. Kisha akafunga pazia la jikoni, na kuanzia siku ile hakulifungua.

Kuhusu gunzi hakuambiwa. Mlinzi aliogopa kwamba naye atafukuzwa, na Injinia alidhani jambo limekwisha. Mimi nilitaka niende siku ile ile.

"Usiende," kaka akasema.

"Kwa nini? Yule mama anakufa kwa huzuni, na wewe umelaza wajukuu wake chini ya kitanda."

"Sijui kama wamo. Siwezi kumpa tumaini halafu nikamnyang'anya. Ameshanyang'anywa mara moja."

Tuligombana kwa ajili hiyo, tukakaa siku mbili hatusemezani, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Nilimwambia upole wake ndio unaowalea watu kama Injinia. Kwamba mnyonge akijikunja wenzake humkalia. Alijibu kwamba mbegu haioti kwa kelele. Basi, mtu kama huyo utamfanya nini?

Mwezi wa nne tangu liingie kwenye boksi, gunzi likaachia. Magamba yalidondoka yenyewe, na ndani mbegu mia moja na kumi na nane, zenye ngozi ya rangi ya chungwa. Tulivaa glavu zangu za kazini, maana ule utomvu ni sumu, tukazimenya moja moja juu ya beseni. Kisha kaka akajaza ndoo maji, akazimimina. Mbegu tupu huelea. Zilielea nyingi sana, zikafunika ndoo yote, sikuweza kutazama. Akaziondoa kwa kichujio cha chai, polepole, akainamia ndoo. Chini kulikuwa na kumi na moja.

Alizilaza kwenye beseni pana lenye mchanga mnene, ubavu, nusu nje nusu ndani, akaliweka juu ya tangi langu la maji ambako kuna joto. Tukangoja. Wodini mtu akizidisha siku kumi tunaanza kuhangaika, lakini pale tulingoja miezi. Mbegu nane zilioza. Moja ikapasuka, ikatoa mzizi mnene mweupe ukajichimbia mchangani. Kaka aliniita nikiwa naoga. Baada ya wiki mbili ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Mizizi kwanza, na baada ya muda mrefu jani moja moja, laini bado, miiba haijajua kuchoma.

Hapo ndipo akasema, "Sasa mwambie."

Yeye getini alikuwa haruhusiwi. Mimi nilivaa sare yangu nyeupe na saa kifuani, nikabonyeza kengele. Sare ya hospitali hufungua geti lolote duniani. Mtende wa kulia ulikuwa umeshakuwa nguzo, kama asemavyo kaka. Mwalimu alikuwa amekaa sebuleni, jikoni kuna giza. Nikamweleza yote, kuanzia takataka mpaka beseni. Hakulia. Aliuliza swali la mwalimu wa hesabu.

"Mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu."

"Jumapili mwanangu atanileta," akasema. "Usimwambie mtu."

Jumapili gari likasimama mbele ya nyumba yangu. Injinia alikuwa anaendesha, na ni wazi hakuambiwa wanakwenda wapi, kwa sababu alimfungulia mama yake mlango, akainua uso, akamkuta Kuti amesimama mbele yake na kofia mkononi. Alisalimia kwa shida. Kaka akamjibu vizuri, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu mlangoni, nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Miche ilikuwa kwenye mikebe ya rangi iliyotobolewa chini, imepangwa kwenye kivuli cha ukuta. Mwalimu aliinama akaitazama kwa karibu sana, jani kwa jani. Ilikuwa mara ya kwanza anauona mtapo bila ukungu baada ya miaka mingi.

"Ni ya kike?" akauliza.

"Haijulikani, Mwalimu. Mpaka miaka ishirini."

"Basi mtanitumia salamu," akasema, na kaka akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu shemeji yangu afariki.

Injinia alikuwa amesogea. Alitazama mikebe, akamtazama kaka, akatazama tena mikebe. Anajua hesabu, si mjinga. Niliona anavyoelewa polepole lile gunzi lilikuwa nini, na uvimbe ulikuwa nini, na lori lilikwenda na nini. Shingo yake ililoa jasho. Nilitaka kumhurumia, lakini sikuweza.

Mama yake akanyoosha kidole. "Huu ni wa mdogo wako wa kwanza. Huu wa kitinda mimba. Utawafikishia wewe mwenyewe kwa mkono wako, usiwatume watu." Kisha akagusa wa tatu. "Na huu ni wa Kuti."

"Mwalimu, mimi nitapata mwingine," kaka akasema haraka. "Miche ni ya watoto wako."

"Nimesema ni wako. Nyamaza."

Injinia alikuwa bado anatazama mahali ambapo mkebe wa nne ungekuwa. Mtu mzima wa miaka hamsini, lakini aliuliza kwa sauti ya mtoto aliyerukwa kwenye mgao.

"Na mimi, mama?"

Mwalimu alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani kabla ya kumjibu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Wewe, baba, nilikuwa nimekuachia mama yao."

Injinia aliinama, akabeba mkebe wa kwanza kwa mikono miwili hadi kwenye gari, akarudi kuchukua wa pili, shati lake jeupe limejaa udongo kifuani. Mlango wa gari ulimshinda kufungua na mkebe mkononi. Mimi nilikuwa karibu yake, hatua mbili tu, na sikusimama kumsaidia.